Wiki moja Birmingham: safari ya chakula isiyohitaji mvinyo

Kila mwaka joto la Maskati, Dubai na Doha likianza kupanda, mazungumzo ya barazani hugeuka: mwaka huu tunakwenda wapi? Wengine wanataka Zanzibar au Mombasa kwa jamaa, wengine Salalah kwa mvua za khareef, na vijana wanataka Ulaya. Ukifungua matangazo ya safari za chakula za Ulaya, unakuta nyingi zimepangwa kwa mtindo mmoja. Wiki nzima, asubuhi mji wa kale, mchana shamba la mizabibu, jioni kuonja mvinyo ghalani.

Familia yetu ikilipia safari ya namna hiyo, nusu ya ilicholipia haiguswi. Bibi anabaki garini, watoto wanakunywa soda, na usiku kila mtu anakula samaki na chipsi kwa sababu nyama haina uhakika. Pesa zimekwenda, na safari ya chakula imegeuka safari ya njaa.

Basi leo tunaleta pendekezo ambalo wengi watalishangaa: Birmingham. Najua jibu la haraka. "Birmingham? Mji wa viwanda ule? Kuna nini pale?" Kuna mengi, na kubwa kuliko yote ni hili: ni katika miji michache ya Ulaya ambayo hadithi ya chakula chake imejengwa kwa sehemu kubwa na watu wasiogusa pombe. Kwanza walikuwa Wakristo wa dhehebu la Quaker, wauza chai na kakao. Kisha wakaja Waislamu kutoka Pakistan, Yemen na Somalia. Familia yetu haiendi kule kuchungulia sherehe ya watu wengine.

Jiji lililokwisha ingia jikoni kwetu

Hebu fungua kabati la jikoni kwa bibi. Kastadi ya unga, ile tunayopika Ramadhani na kuimwagia juu ya matunda, ilibuniwa Birmingham mwaka 1837. Mwenyewe alikuwa mkemia mwenye duka, Alfred Bird. Mkewe alikuwa hawezi kula mayai, yanamdhuru, na yeye akatafuta njia ya kumpikia kastadi isiyo na yai. Kiwanda chake cha zamani kipo mtaa wa Digbeth, sasa kimejaa maduka na mikahawa, na mpaka leo kinaitwa Custard Factory.

Chai ya Typhoo ilianzia huko huko, mwaka 1903. Sosi ya HP, ile ya rangi ya udongo, ilitengenezwa mtaa wa Aston hadi mwaka 2007, kiwanda kilipohamishiwa Uholanzi. Soma maandishi ya chupa yake: ndani mna tende na ukwaju. Kumbe siri ya sosi ya Kiingereza ni vitu vinavyouzwa Darajani na Mutrah! Na chokoleti ya Cadbury hata haihitaji maelezo, kila mtoto wa Ghuba anaijua kwa rangi ya karatasi.

Kabla ya kufunga mizigo

Mambo matatu yaangaliwe mapema.

La kwanza ni kibali. Raia wa Oman, Imarati, Qatar, Kuwait, Bahrain na Saudia hawaombi tena viza ya kawaida kwa matembezi mafupi. Wanaomba kibali cha kwenye intaneti kiitwacho ETA. Qatar walianza Novemba 2023, wengine Februari 2024. Ada ilianza pauni 10, na Aprili 2025 ikapanda hadi 16. Kila mtu anahitaji chake, hata mtoto mchanga. Angalia ada ya sasa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe, maana mitandaoni kuna wajanja wanaotoza mara mbili tatu. Lakini tusisahau kuwa katika nyumba nyingi zetu baba ana pasipoti ya Oman na mama au ami bado ana ya Kenya au Tanzania. Hao wanahitaji viza, na viza inataka muda. Anza na pasipoti hizo kwanza, ndipo ukate tiketi za wengine.

La pili ni msimu. Mwezi Juni jua la Birmingham linazama karibu saa 3 na nusu usiku, na alfajiri inaingia mapema mno. Ukingoja Isha na watoto, hamlali. Disemba ni kinyume chake, Magharibi inaingia kabla ya saa 10 jioni, na ukizubaa madukani Adhuhuri na Alasiri zinakupita. Aprili, Mei na Septemba ndiyo miezi ya wastani.

La tatu ni usafiri. Emirates inaruka moja kwa moja kutoka Dubai hadi Birmingham, kwa hiyo huna haja ya kupitia London. Ukitokea London, treni kutoka Euston hadi stesheni ya New Street inachukua kama saa moja na nusu. Na kwa wanaopenda kukodi gari, kule magari yanakwenda kushoto kama Zanzibar na Mombasa. Baba aliyejifunza udereva Unguja atafurahi, kijana aliyejifunza Maskati atahitaji siku mbili za kuzoea.

Jumatatu: katikati ya mji kwa miguu

Siku ya kwanza msijichoshe. Katikati ya Birmingham panatembeka kwa miguu, hata na kigari cha mtoto.

Anzieni New Street. Ndani ya stesheni amesimama fahali mkubwa wa mitambo anayeitwa Ozzy. Aliingia uwanjani kwenye sherehe za ufunguzi wa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2022, na mwaka uliofuata akapewa makao ya kudumu hapo. Watoto wakimtazama, wakumbusheni kuwa ni michezo ile ile Ferdinand Omanyala wa Kenya aliposhinda mita 100, na Alphonce Simbu wa Tanzania akapata fedha ya marathoni, dhahabu ikienda kwa Victor Kiplangat wa Uganda. Afrika Mashariki ilitamba katika mji huu.

Kutoka hapo tembeeni hadi Maktaba ya Birmingham, jengo la duara juu ya duara, kama lililofumwa kwa uzi wa dhahabu. Lilifunguliwa tarehe 3 Septemba 2013, na aliyelifungua alikuwa msichana wa miaka 16, Malala Yousafzai. Baada ya kupigwa risasi Pakistan mwaka 2012 aliletwa hospitali ya Queen Elizabeth ya mji huu, akapona, akasoma skuli hapa hapa. Kuingia ni bure. Pandeni hadi bustani ya juu ya paa mwone mji wote, binti zetu wasome na jina lake.

Jioni teremkeni Gas Street Basin, penye mifereji na mashua ndefu nyembamba zilizopakwa rangi. Wenyeji hupenda kujigamba kuwa mifereji yao ni mirefu kuliko ya Venice. Zamani ilibeba makaa ya mawe na chuma, siku hizi inabeba watalii. Mikahawa ya ukingoni mingi inauza pombe, kwa hiyo tembeeni, pigeni picha, kisha mkale kwengine.

Jumanne: sokoni asubuhi, balti usiku

Soko la Bull Ring lina historia tangu mwaka 1166, bwana wa eneo lile alipopewa ruhusa ya mfalme kuendesha gulio. Hapa ndipo wapishi wa nyumbani watapaona pao. Kuna ndizi mbichi, mihogo, bamia, majani ya mvuje na pilipili mbuzi, na upande wa samaki mna pweza na ngisi. Mkikodi nyumba yenye jiko, wiki yenu inakuwa nafuu sana. Pika pilau siku mbili tatu, kula nje siku zilizobaki. Kuna mpango mkubwa wa ujenzi mpya eneo hilo uitwao Smithfield, basi hakikisheni kwanza ni upande gani uko wazi.

Usiku ndio wa chakula chenyewe cha mji. Balti ni mchuzi uliozaliwa Birmingham katika miaka ya 1970, mikononi mwa wahamiaji wa Kipakistani na Kikashmiri. Mkahawa wa Adil's ndio unaodai kuuanza, mwaka 1977. Kwa Kiurdu "balti" ni ndoo, lakini chombo chenyewe ni karai dogo la chuma chembamba lenye masikio mawili. Nyama ya kuku au kondoo inapikwa humo kwa moto mkali sana, kwa mafuta ya mboga badala ya samli, vitunguu, nyanya, tangawizi na bizari, dakika chache tu, na linaletwa mezani karai hilo hilo likiwa bado linachemka. Kijiko huhitaji, unamega naan. Agizeni naan ya familia, inakuja kubwa kupita sinia, kila mtu anavuta upande wake.

Kwa nini moto mkali na chombo chembamba? Kwa sababu mikahawa ile ililisha watu wa viwandani waliotaka chakula cha moto, kingi, cha bei ndogo, na bila kungoja. Ni akili ya mama ntilie ndani ya baridi ya Uingereza.

Mitaa yake ni Ladypool Road, Stoney Lane na Stratford Road, katika Sparkbrook, Sparkhill na Balsall Heath. Wenyeji wanaiita Pembetatu ya Balti. Nyumba za balti zimepungua kuliko zamani, watoto wa waanzilishi wamesoma na kushika kazi nyengine, lakini Shababs na wenzake wachache bado wanapika kwa njia ya asili.

Tahadhari moja. Nyumba nyingi za balti hazina leseni ya kuuza pombe, lakini baadhi yao zinaruhusu mteja aje na chupa yake. Nyama ni halali, na meza ya jirani ina mvinyo. Kama hilo linawakera, ulizeni kwa simu kabla ya kwenda: "Mnaruhusu watu kuleta pombe?" Zisizoruhusu zipo za kutosha.

Jumatano: chokoleti na kurasa mbili za ngozi

Hii ndiyo siku ya kutokosa.

Pandeni treni ya New Street kwenda kusini, mteremke Bournville. Mwaka 1824 John Cadbury alifungua duka Bull Street, katikati ya mji, akauza chai, kahawa na kakao ya kunywa. Alikuwa Quaker, na Quaker wa zama zile waliamini kuwa ulevi ndio unaozamisha maskini. Kwake yeye kikombe cha kakao kilikuwa jibu la chupa ya pombe. Wanawe Richard na George walihamishia kiwanda Bournville mwaka 1879, na baadaye George akajenga kitongoji kizima cha nyumba zenye bustani kwa wafanyakazi na watu wengine. Maduka yalikuwepo, skuli zilikuwepo, viwanja vya michezo vilikuwepo. Baa haikuwepo. Tembeeni mitaa yake saa moja, mtaona jinsi palivyotulia.

Watoto watataka Cadbury World, maonyesho ya chokoleti yaliyofunguliwa mwaka 1990 pembeni ya kiwanda. Kateni tiketi mapema. Na chokoleti zisomwe lebo kama kawaida, maana baadhi ya pipi zina jelatini na baadhi ya chokoleti za zawadi zinatiwa pombe. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Wamarekani mwaka 2010.

Lakini hadithi ya kakao ina upande wa kiza, na wakubwa wa safari wawaambie watoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya kakao ya Cadbury ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vya Wareno, ambako wafanyakazi waliletwa kwa nguvu kutoka Angola na hawakurudishwa kwao. Utumwa kwa jina jengine. Kampuni ilituma mtu wake kuchunguza, ikachelewa, na mwaka 1909 ndipo ikaacha kununua. Ilikuwa imelishitaki gazeti la London lililoiita nafiki. Kesi ikasikilizwa hapa hapa Birmingham, na ingawa Cadbury walishinda, baraza la wazee wa mahakama liliwapa fidia ya fardhingi moja, robo ya peni. Yaani: mmeshinda, lakini tumeelewa.

Sisi wenye asili ya mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba hatuwezi kuisoma habari hiyo kama ya watu wengine. Utumwa wa kisheria Zanzibar ulifutwa mwaka 1897, na miaka hiyo hiyo Quaker wa Uingereza walikwenda Pemba wakafungua misheni na shamba la karafuu Banani, kwa ajili ya walioachwa huru. Kakao na karafuu ni ndugu katika jambo hili. Safari inayomlisha mtoto utamu bila ya kumwambia umetoka kwa nani si safari ya kumfunza.

Sasa rudini kwa treni hiyo hiyo, kituo cha pili tu kinaitwa University. Hapo ni Chuo Kikuu cha Birmingham, na ndani ya maktaba yake ya nyaraka, iitwayo Cadbury Research Library, mnahifadhiwa kurasa mbili za ngozi zenye aya za Surat Al-Kahf, Maryam na Ta-Ha, kwa hati ya Kihijazi. Mwaka 2015 chuo kilitangaza matokeo ya kipimo cha kaboni: ngozi ile ni ya kati ya mwaka 568 na 645 Miladia, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifariki mwaka 632. Kilichopimwa ni ngozi, si wino, na wanazuoni bado wanajadili. Hata hivyo ni miongoni mwa kurasa za kale kabisa za Qur'ani zinazojulikana duniani.

Zilifikaje hapa? Katika miaka ya 1920 Edward Cadbury, mtoto wa George, alimlipia msomi mmoja mzaliwa wa kaskazini ya Iraq, Alphonse Mingana, aliyekuwa padri wa Kikaldayo, safari za kwenda Mashariki ya Kati kukusanya maandiko. Alirudi na zaidi ya 3,000. Kurasa hizi zilikaa miaka mingi zikiwa zimejalidiwa pamoja na nyengine za mkono wa baadaye, mpaka mtafiti wa Kiitaliano Alba Fedeli alipozitazama kwa makini na kuona hazifanani. Kwa hiyo fedha ya kakao, kwa mkono wa Quaker na padri, ndiyo iliyozihifadhi aya za Ta-Ha katika mji wa viwanda wa Uingereza. Mambo ya Mwenyezi Mungu.

Kurasa hizo haziwekwi wazi kila siku. Andikieni maktaba kabla ya safari mjue kama kuna maonyesho. Kama hakuna, picha zake zote ziko kwenye tovuti ya chuo, na mtoto anayehifadhi juzuu anaweza kujaribu kuzisoma. Hazina nukta nyingi wala irabu, atatoka jasho!

Alhamisi: dhahabu na senti yenye tundu

Kina mama wamevumilia, leo ni siku yao. Jewellery Quarter ni mtaa wa masonara tangu zaidi ya miaka 200, na bado sehemu kubwa ya vito vinavyotengenezwa Uingereza hutoka hapa. Ofisi ya kupima dhahabu na fedha ilianzishwa mwaka 1773, na alama yake ni nanga. Ukiona nanga ndogo ndani ya pete, ujue imepimwa Birmingham.

Ila kabla ya kufungua pochi, sikilizeni. Waingereza wengi huvaa dhahabu ya karati 9, yenye alama 375. Yetu ya karati 22 ni 916, na mtaa huu hauna nyingi, mtaipata zaidi kwa masonara wa Kihindi na Kipakistani wa Soho Road. Kodi ya mauzo ni asilimia 20, na tangu Januari 2021 mtalii harudishiwi tena akiondoka. Kwa hiyo tazameni mafundi wanavyofanya kazi, ingieni makumbusho ya mtaa, ambayo ni karakana iliyofungwa mwaka 1981 ikaachwa kama ilivyo, hadi vikombe vya chai mezani. Kununua, Mutrah ni nafuu.

Kuna na jambo moja la kutafuta kabla hamjaondoka nyumbani. Ulizeni kama bibi amehifadhi zile senti za zamani za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Nyingi zina herufi ndogo H. Hiyo ni alama ya Heaton, kiwanda cha sarafu kilichokuwa Icknield Street, pembeni ya mtaa huu. Hata sarafu za mwaka 1888 zilizoandikwa Mombasa, za kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, baadhi zilipigwa hapo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2003, lakini uso wa jengo bado umesimama. Senti aliyofungiwa bibi kwenye ncha ya kanga ilitoka mtaa huu. Mpigie picha jengo umpelekee.

Ijumaa: sala, mandi na anjera

Kwa sensa ya mwaka 2021, karibu watu 3 katika kila 10 wa Birmingham ni Waislamu. Ijumaa utaiona hesabu hiyo barabarani. Birmingham Central Mosque, wenye kuba na mnara, ulifunguliwa mwaka 1975 na una sehemu ya wanawake. Green Lane Masjid, Small Heath, uko ndani ya jengo la matofali mekundu lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 kuwa maktaba na hamamu ya umma. Angalieni saa ya hutuba mapema, maana misikiti mingine husali Ijumaa kwa awamu.

Baada ya sala, mchague. Wayemeni wako Birmingham tangu zamani, walikuja kufanya kazi kwenye viwanda vya kuyeyusha chuma, na leo mandi na zurbian zinapikwa kama Mukalla. Wasomali ni wengi Small Heath na Sparkbrook. Wako waliokuja moja kwa moja wakikimbia vita, na wengine walikaa kwanza Uholanzi. Kwao kuna wali wa nyama unaoletwa na ndizi mbivu pembeni, sambusa, anjera na chai ya maziwa yenye iliki. Wapo pia waliopitia Nairobi na Mombasa, kwa hiyo msije mkasengenya mtu kwa Kiswahili mkidhani hasikii. Anasikia.

Kwa wanaokula kwa uangalifu zaidi, kule kuna taasisi mbili zinazotajwa sana, HMC na HFA. HMC haikubali mnyama apigwe shoti ya umeme kabla ya kuchinjwa, HFA inaruhusu kwa masharti. Cheti huwekwa dirishani au ukutani. Ukiuliza hawakasiriki, wamezoea.

Jumamosi: kwa Shakespeare

Kutoka stesheni ya Moor Street, treni inawafikisha Stratford-upon-Avon kwa chini kidogo ya saa moja. Hapa ndipo alipozaliwa William Shakespeare mwaka 1564 na ndipo alipozikwa mwaka 1616. Nyumba ya kuzaliwa kwake Henley Street imejaa watalii, mto una bata na mashua, na mji mzima ni nyumba za mbao nyeusi na chokaa nyeupe.

Wazee wetu waliosoma Tanganyika na Zanzibar watamkumbuka kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Na vijana waambiwe hili: mwaka 1600 balozi wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikwenda London kwa Malkia Elizabeth wa Kwanza na akachorwa picha akiwa na kilemba cheupe na upanga wake. Wako wanaodhani kuwa ujio wake ulimpa Shakespeare fikra ya Othello. Picha hiyo leo ni mali ya Chuo Kikuu cha Birmingham.

Mji huu ndio wa kunywa chai ya alasiri ya Kiingereza: skonzi za Kiingereza, krimu nzito na jemu. Agizeni ya mboga na samaki, semeni wazi msiletewe sandwichi za nguruwe, na ulizeni kama keki ina sheri au brandi. Keki zao za zamani huwa nayo bila ya kuandikwa.

Jumapili: nchi nyeusi, na chipsi za kuziuliza

Magharibi ya Birmingham ni eneo liitwalo Black Country, nchi nyeusi, kwa moshi na makaa ya zamani. Pale Dudley kuna makumbusho ya wazi, Black Country Living Museum, yaliyofunguliwa mwaka 1978. Ni kijiji kizima chenye maduka, skuli, mgodi na tramu ya kale, na watu waliovaa nguo za zama zile wanawaeleza. Mafundi wanafua minyororo mbele ya macho yenu. Nanga kubwa ya meli ya Titanic ilitengenezwa jirani, Netherton, na kuitoa kiwandani walifunga farasi 20.

Duka la chipsi la humo lina foleni ndefu na harufu nzuri. Msiingie foleni. Wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe, kama ilivyokuwa miaka ya 1930, na ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa njia yetu. Maduka mengi ya chipsi ya eneo lile ni hivyo hivyo, kwa hiyo hata samaki anahitaji swali: "Mnakaangia mafuta gani?" Jibu likiwa mafuta ya mboga, kuleni. Na vile vifuko vya vipande vikavu vinavyofanana na kripsi kaunta za Black Country, vingi ni ngozi ya nguruwe. Waambieni watoto mapema. Bebeni sambusa za Ijumaa, kaeni ukingoni mwa mfereji mle.

Hesabu ya mwisho

Hatusemi kuwa Birmingham ni nzuri kuliko Tuscany. Mvua ipo, barabara zinachimbwa kila siku, na baadhi ya mitaa ni michafu. Mwenye kutaka milima na mashamba ya kijani kibichi aende Uswisi.

Lakini safari ya chakula ya familia ipimwe kwa swali moja: je, kila mtu alikaa mezani akala pamoja na wenzake, kuanzia bibi wa miaka 75 hadi mtoto wa miaka 5? Birmingham jibu ni ndiyo, siku zote saba, bila ya mtu kubaki garini. Na juu ya chakula, watoto wanarudi wakijua kastadi ya Ramadhani ilitoka kwa nani, senti ya bibi ilipigwa wapi, utamu wa chokoleti ulilipiwa na nani, na kwamba aya walizozihifadhi zilikuwa zimeandikwa juu ya ngozi tangu zama za masahaba.

Kwa wanaokusudia kwenda: anzeni na pasipoti za wanaohitaji viza, tafuteni nyumba yenye jiko karibu na stesheni, andikieni maktaba ya chuo mapema. Na mzigoni acheni nafasi ya kopo moja la kastadi la kumletea bibi, alione limetoka kwao.